Muhtasari Hausomwi

Asubuhi ya kikao cha bodi, mwalimu wa hisabati aliingia darasa la mwisho ameinama, akapima kutoka sakafuni hadi darini kwa mkono. Shibiri sita. Mwaka juzi zilikuwa kumi na mbili. Akaandika sita pembeni mwa nusu ya ubao iliyobaki, akawaambia wanafunzi wafungue vitabu.

Shule nzima ilijua dari inashuka kwa nini. Chumba cha bodi kiko juu ya darasa hilo. Kila bodi inapothibitisha muhtasari wa kikao kilichopita bila kuusoma, sakafu yake hushuka shibiri moja, na dari ya watoto hushuka nayo. Wanachopungukiwa watoto, wakubwa wanaongezewa. Watu wazima tisa, na viatu vyao vilivyong'arishwa, wamekaa juu ya vichwa vya watoto wanagonga meza kujipongeza. Mwenyekiti alikuwa mstaafu wa benki. Alipoikuta benki ilikuwa na ghorofa nne. Ikazama ghorofa moja kila mkutano mkuu, na siku anaagwa wateja walikuwa wanashuka ngazi ardhini kwenda kuulizia akiba zao. Akapewa nishani. Shule ikaona huyu ndiye.

Lakini dari ilimuuma mwalimu kwa sababu moja zaidi, nayo ni binti wa dada yake. Darasani walimwita Mlingoti. Alikuwa mrefu kuliko walimu wote, na hesabu alizimaliza kichwani wenzake wakiwa bado wanatafuta kalamu. Mtihani wa mwisho ulikuwa baada ya wiki tatu, na kanuni ilitaka mtahiniwa akae kitini, ndani ya chumba. Shibiri sita zilimtosha kwa kubanana. Zikiwa tano, wenzake wangeinamisha shingo wakafanya. Yeye, hata ajikunje vipi, asingeenea.

"Mama mdogo," binti alimwambia wakati wa mapumziko, "ukipanda huko, waambie wausome tu. Hata ukurasa mmoja."

"Mimi ni mwakilishi wa walimu, mwanangu. Sina kura."

"Mdomo si unao?"

Mwalimu akapanda. Kiti chake kilikuwa karibu na mlango, mahali pa mtu wa kutumwa chai. Juu, dari ya bodi ilikuwa imeenda mbali mno, sauti zikawa zinarudi zenyewe, na wajumbe walipenda kuzisikia zikirudi.

"Muhtasari," alisema mwenyekiti. "Nani anathibitisha?"

"Mwenyekiti, naomba usomwe."

Mweka hazina akaacha kukoroga chai.

"Mwalimu, muhtasari hausomwi. Unathibitishwa," alisema mwenyekiti.

Mwalimu akauchukua mezani, akasoma kwa sauti ile ya kuwasomea watoto swali gumu. Ukurasa wa kwanza ulisema bodi imeridhishwa na ubora wa masomo. Ulisema pia kwamba ukarabati wa dari ya darasa la mwisho umekamilika.

"Umekamilika lini?" akauliza mjumbe mmoja, mama mwenye duka la vitabu, ambaye hakuwa amewahi kuuliza kitu tangu ateuliwe.

Sakafu ikapanda upana wa vidole vinne. Vikombe vikagongana. Kutoka chini ikasikika shangwe ya watoto wanaonyoosha shingo. Mweka hazina akashika meza asianguke.

"Acha hapo hapo!" alisema mwenyekiti. "Ukiendelea hivyo tutafika wapi?"

"Tutafika pale tulipokuwa."

Suala likapigiwa kura. Iliamuliwa kwamba kusoma kunaleta kizunguzungu na kushusha hadhi ya kikao. Mama wa vitabu naye alinyoosha mkono, kwa kuwa wengine walikuwa wamenyoosha. Kisha muhtasari ukathibitishwa, sakafu ikarudisha vile vidole vinne na kuongeza shibiri. Mwisho ikaamuliwa kwamba watahiniwa wasioenea chumbani wafutwe kwenye orodha, wasije wakaharibu wastani wa shule. Aliye juu mngoje chini, husemwa. Hawa walikuwa wanashuka kila kikao, tena mchana kweupe, na bado hakuna aliyeweza kuwafikia.

Siku ya mtihani Mlingoti alikaa nje, chini ya dirisha, na karatasi ambayo mwalimu alimnakilia kwa mkono. Ndani wenzake waliandika kidevu kifuani. Yeye alimaliza kabla ya saa kutimia, akaipitisha karatasi dirishani. Mwalimu akaisahihisha usiku ule ule. Maswali arobaini, vyema arobaini. Halikuwepo jina la kuiandikia alama wala bahasha ya kuitia, akaiweka kabatini chini ya mashuka, akalia mpaka akachoka.

Matokeo yalipotoka shule ilikuwa ya kwanza. Bodi ikaletewa cheti cha utawala bora, chenye muhuri na utepe. Ila siku ya kukipokea taa zote za chumba zilikuwa zimeungua, na hakuna fundi aliyeweza kuzifikia. Mwenyekiti akamkumbuka yule binti mrefu. Akaajiriwa kubadilisha balbu, na kwenye taarifa ikaandikwa kwamba bodi inawajali vijana.

Kikao kilianza yeye akiwa juu ya ngazi. Mwalimu, kwenye kiti chake cha mlangoni, hakuthubutu kutazama juu.

"Zimebaki shibiri tano," binti alisema huku akifungua balbu. "Vikao vitano, na dari itagusa sakafu. Watoto watakaa wapi?"

"Hoja nzuri sana," alisema mwenyekiti. "Iingie kwenye muhtasari. Tukirudi kwenye ajenda, muhtasari uliopita, nani anathibitisha?"

"Nathibitisha," alisema mweka hazina.

"Naunga mkono," alisema mama wa vitabu.

Meza, chai, ngazi na wajumbe wote wakashuka shibiri moja, taratibu, bila kumwaga kitu. Binti akabaki amenyoosha mkono hewani, balbu ikiwa imebaki juu, haifikiki. Akaomba ngazi ndefu zaidi.