Keki ya Kijani na Injini Iliyopoa

Mama yangu, Solveig, ametumia miaka yote niliyoishi duniani, na mingine kabla yake, kutafuta mafuta ya roketi yasiyoua wanaoyashika. Nasema haya kwa heshima zote, ingawa inasemekana siku niliyozaliwa alinitazama, akanipongeza, kisha akaomba kalamu amalizie hesabu.

Chanzo ni Hjalmar, mwenzake wa kazini. Zamani yeye na mama walikuwa wakijaza satelaiti haidrazini, mafuta ambayo hata mvuke wake ni sumu kali, wamevaa suti nzito kama wapiga mbizi. Siku moja suti ya Hjalmar ilivuja shingoni. Hadi leo akipanda ngazi hupumzika katikati, akijifanya anatazama picha ukutani. Hakuna picha ukutani.

Mafuta ya mama, yanayoitwa ya kijani kwa kuwa hayana sumu kali, unayajaza kwa glavu na miwani tu. Ila hayataki injini baridi. Ndani ya injini mna punje za kichocheo, zinazoyafanya mafuta yawake, ambazo lazima zipashwe taratibu mpaka ziwe moto sana. Ukifungulia mafuta kabla ya hapo, punje huweza kupasuka, na injini ikaja kuzimika huko angani, ambako hakuna fundi.

Likizo ya Februari shule ya bweni ilinikabidhi kwa mama, nadhani kwa furaha, nami nikaenda naye mji wa Kiruna, kaskazini kabisa mwa nchi yetu, kwenye jaribio kubwa. Wageni wa kampuni ya satelaiti walikuja kutazama. Wakiridhika, injini ya mama itaruka. Wasiporidhika, watanunua ya haidrazini, na mtu mwingine ataingia kwenye ile suti.

Bosi wake, Sixten, alileta keki ya kijani, iliyofunikwa marzipani, lozi zilizosagwa na sukari.

"Mafuta ya kijani, keki ya kijani!"

"Sixten, hatujawasha kitu bado."

"Wewe nawe! Kula kwanza, unune baadaye."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, saa ya kahawa. Kwetu, kufanya kazi saa hiyo ni utovu wa adabu zaidi kuliko kulipua jengo. Injini ikaachwa ikipashwa na hita ya umeme, sote tukaingia chumba cha pili. Wageni walikuwa wengi, kahawa haikutosha. Sixten akachomeka mashine ya pili ya kahawa kwenye soketi iliyo karibu.

Tuliporudi, mama alitazama skrini, akaacha kutafuna.

"Hita imezimika, umeme umezidiwa. Nani kachomeka nini?"

Sixten akawa mwekundu. Kupasha upya kulihitaji saa nyingi. Ndege ya wageni ilikuwa ya adhuhuri. Akatuvuta pembeni tukazunguka meza, kwa kuwa kwetu bosi haamui mpaka kila mtu ameulizwa.

"Imepoa kidogo tu," alisema fundi mmoja. "Mimi naona sawa."

"Sawa," wa pili.

"Kama wengine wanaona sawa..." wa tatu.

Hata mimi niliulizwa. Nikasema keki ni nzuri.

Zamu ya mama ilikuwa ya mwisho. "Hapana."

"Solveig, jamani! Itawaka tu!"

"Leo, labda. Nitawauzia injini ambayo mwenyewe siiamini?"

"Wataondoka!"

"Najua, Sixten."

Akaenda kuwaambia wageni mwenyewe. Walimshukuru kwa ukweli wake, wakavaa makoti, wakaondoka.

Alasiri injini ilipokuwa imepata moto, akaiwasha. Hakukuwa na mtazamaji ila sisi. Ilinguruma bila kukwama hata mara moja.

"Unaona?" Sixten alisema. "Na asubuhi ingewaka hivihivi."

"Labda," mama akasema. Nilimtazama, hilo neno lilikuwa linamuuma.

Siku mbili baadaye kampuni ikapiga simu: wamechagua haidrazini. Mama alishukuru, akakata, kisha akampigia Hjalmar. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anataka kujua nani atawajazia hiyo haidrazini."

"Nani?"

Mama alirudi kwenye simu. Alikuwa akitafuta namba nyingine, ya kampuni ileile, awaulize kama suti zao zimekaguliwa shingoni.