Viti vya Kanisa

Kompyuta ya Kapinga, mchoraji wa majengo, ilizimika tena, na Paluku akaipiga meza ngumi.

"Mama Kapinga, bantu beko mule ndani!"

"Najua, papa. Miye pia niko nabasikia."

Mtaa mzima ulisikia. Ng'ambo ya barabara, depo ya Paluku, ghala lake la bidhaa, ilikuwa imeporomoka. Wiki hiyo jiji halikuwa na mwenyewe. Askari walikuwa wamekimbia, na mfanyabiashara yeyote aliyetoka mbali aligeuka mali ya kila mtu. Waporaji walibeba unga, wakabeba mafuta, na walipokosa cha kubeba wakawasha moto. Kyakimwa, mke wa Paluku, alikuwa amejificha na binti yao Graciella katika chumba cha chini, na zege likaanguka juu ya mlango. Paluku alikuwa Sakania, mpakani, kupokea mzigo. Aliporudi alikuta moshi, na sauti ya kugonga ikitoka ardhini.

Chumba kile kilikuwa na bomba la hewa, pana kiasi cha kupitisha mtu, lakini mdomo wake ulikuwa umefukiwa. Uko upande gani? Paluku hakujua. Ujenzi wote aliusimamia Kyakimwa, yeye akiwa safarini. Mafundi walikuwa wametawanyika, simu zimekatwa. Kilichobaki ni mchoro wa Kapinga, nao haukutaka kufunguka.

Alifunga kila kitu kingine kwenye kompyuta, akaiwasha upya, akajaribu. Feni ilipiga kelele, kioo kikaganda. Programu ya kuchora peke yake ilikuwa imemeza kumbukumbu yote ya mashine na bado inadai. Betri ilikuwa imebaki robo, na umeme haukuwepo tangu jana.

Kosa lilikuwa la ofisi nzima, na wateja ndio waliolilea. Lubumbashi mteja haagizi nyumba, anaagiza "kama ya fulani". Basi Kapinga na mwenzake Symphorien hufungua faili ya huyo fulani na kuchora pembeni yake. Faili moja ilikuwa na jumba la mteja mmoja, Edouard, depo ya Paluku, na kanisa ambalo mchungaji wake alitaka kuona kila kiti na miguu yake ya dhahabu. Mamia ya viti! Tena hawafuti kitu, maana mteja kesho hurudia wazo la jana. Kilichokataliwa hupigwa msalaba mwekundu, na kipya huchorwa kando.

"Ni biti," Kapinga alisema. "Biti bya kanisa njo binakula mémoire yote."

Kila jengo lilikuwa na kalki yake, kama karatasi ang'avu zilizopangwa moja juu ya nyingine, na programu iliruhusu kufungua baadhi tu. Akaiacha nje kalki ya kanisa. Mchoro ukafunguka mara moja. Depo ile pale, na bomba lile pale, kiduara kidogo ukutani.

"Upande wa soko!"

Wanaume walikimbia na nyundo na mitaimbo. Hawakupiga sana kabla kugonga kule chini hakujawasogelea, kukaja hadi chini ya miguu yao kabisa. Watu walishangilia. Kapinga alipiga vigelegele huku machozi yakimtoka kwa furaha.

"Piga tena, mama Kyakimwa!" alipaza sauti kuelekea ardhini. "Piga, tuko nakuja!"

Na Kyakimwa akapiga, pigo kwa pigo. Kisha akapiga kwa kuchelewa. Kisha kimya.

Walipoufikia ukuta, ulikuwa mzima. Bomba hakuna.

Kapinga akakumbuka Symphorien akinung'unika kwamba mke wa Paluku amekuja kubadilisha mambo wakati yeye anapanga viti. Alirudi mbio ofisini, akafanya kinyume: akafungua kalki ya kanisa peke yake. Mashine iligumia, lakini ilifungua. Viti, viti, viti. Na mbali nje ya kanisa, peke yake kwenye weupe, msalaba mwekundu upande wa soko, na kiduara kipya upande wa reli. Symphorien alikuwa amerekebisha bomba bila kutoka kwenye kalki ya kanisa.

Upande wa reli mfuniko ulikuwa chini ya mchanga kidogo tu. Graciella alilala chini ya bomba lenyewe, akikohoa, mzima. Walimtoa, wakampa maji. Paluku alimshika mashavu.

"Mama iko wapi?"

"Tulikuwa bote hapa, papa. Hapa kulikuwa mupepo kidogo. Halafu tukasikia muko natoboa kule. Mama akasema, ule njo baba yako, minaenda kubajibia, bajue tuko bazima. Kule moshi ilikuwa mingi. Akanikataza kumufwata."

Paluku aliingia mwenyewe. Alimkuta mkewe ameegemea ukuta wa upande wa soko, hapumui tena, jiwe bado mkononi, vidole vimechubuka.

Alipotoka alimshika Kapinga mikono yote miwili. "Aksanti, mama. Bila plan yako tungebakosa bote."

Kapinga hakuweza kumtazama. Yeye ndiye aliyekuwa amesimama juu ya ukuta ule ule, akimwambia Kyakimwa apige tena.