Mguu wa Kulia Kwanza

Watu tisa waliletwa kambini Kibiti wakiwa wamefungwa kamba moja, shingo kwa shingo, na aliyetangulia alikuwa Kondo, mkata boriti wa Mbuchi. Haruni ndiye aliyekuwa zamu langoni siku ile. Alimtambua kutoka mbali, kwa ule mwendo wa mtu aliyezoea kutembea kwenye tope la mikoko, anayenyanyua miguu juu hata penye nchi kavu. Kondo alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Haruni akamfungulia lango kwa mikono yake mwenyewe, maana askari wa zamu ndiye afunguaye lango.

Kondo alimtazama kuanzia tarbushi hadi viatu.

"Umenenepa," akasema. "Chakula cha Wadachi kimekukubali."

Kamba ikavutwa, akapita.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka ule wa vita. Huko kusini, vilima vya Matumbi vilikuwa vinawaka moto, na habari za dawa ya maji zilikuwa zimeenea hadi mtoni na delta nzima: watu wanakunywa, wanamwagiwa mwilini, wanaambiwa risasi zitageuka maji. Kambini alikuwapo luteni mpya, kijana wa manowari, ambaye hakuwa amemaliza hata miezi miwili tangu ashuke pwani. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilitoa amri mbili. Ya kwanza, yeyote atakayekutwa akigawa au akipokea maji atanyongwa. Ya pili iliwahusu askari wenyewe: hakuna kukusanyika, hakuna kunong'ona kwa pamoja, hakuna kumwagiana maji kwa sababu yoyote ile.

Basi siku moja, wakati wa alasiri, luteni aliongoza doria mwenyewe katika mikoko ya Mbuchi. Akawaona kwa macho yake. Watu wanane wamejipanga mstari. Wa tisa ameshika kata ya kifuu, anachota maji mtungini na kumwagia kila mmoja mikononi, na midomo yao inachezacheza.

Kumbe walikuwa wanatia udhu. Maji ya mkondo yalikuwa yamekupwa, limebaki tope tupu, na mkata boriti mwenye akili hutoka nyumbani na mtungi wa maji baridi ya kisima. Mmoja huwamiminia wenzake ili maji yasipotee. Ndivyo wafanyavyo watu wa Mbuchi tangu wanajua kukata boriti.

Walimweleza luteni hivyo hivyo. Salumu, mkalimani, akatafsiri neno kwa neno na kuandika kila hatua daftarini. Luteni akacheka kidogo.

"Nina askari thelathini, na naambiwa wote ni Waislamu," alisema. "Wiki tatu niko nao. Sijamwona hata mmoja akifanya hayo."

Na kweli hakumwona. Amri yake mwenyewe ilikuwa imewakataza. Wenye imani thabiti walikuwa wanatayamamu kwa vumbi nyuma ya mahema, wakiswali mmoja mmoja kwa haraka kama watu wanaoiba. Wengine walikuwa wameacha kabisa. Haruni alikuwa miongoni mwa hao, na ukweli ni kwamba yeye aliacha kabla ya amri. Alipoandikishwa Dar es Salaam miaka mitatu nyuma, kwanza alikosa swala moja kwa sababu ya kwata, kisha mbili kwa sababu ya uchovu, hata mwisho zikamtoka zote na hakuuliza zimekwenda wapi.

Siku ya ishirini na tisa, mwezi ukaandama. Askari waliambiana kwa macho tu. Haruni alimkuta Shaushi Bashiru, sajini wao, akifuturu kwa tende tatu mbele ya hema lake. Bashiru alikuwa mtu wa Sudani, mwenye ndevu zilizoingia mvi, na jeshini alikuwa kabla Haruni hajaota meno.

"Shaushi, kesho Idi."

"Najua kesho Idi. Mimi nimeenda kuomba ruhusa tuswali pale uwanjani. Bwana amesema hapana. Amesema kesho uwanja una kazi."

Haruni alijua kazi gani. Mchana kutwa waliusimamisha mti wa kunyongea kwa boriti za mikoko, na boriti zile huenda Kondo mwenyewe ndiye aliyezikata.

"Mwambie kuhusu wale watu. Wewe anakusikiliza."

"Nimemwambia mara moja." Bashiru aligusa alama za cheo kwenye mkono wa koti lake. "Amesema nikirudia, ananivua hizi. Wiki jana askari wawili wametoroka, unakumbuka? Sasa kila anayefungua mdomo kwa ajili ya mahabusi, yeye anaona mtoro wa tatu. Ya Haruni, kwani wewe una nini na wale?"

"Yule wa mbele ni kaka yangu."

Bashiru aliirudisha tende ya tatu sahanini. Hakuila tena.

Haruni ndiye aliyewapelekea mahabusi uji wa kufuturu. Kondo alikunywa polepole, mikono imefungwa, bakuli limeshikwa na mdogo wake.

"Mama hajambo," Kondo akasema bila kuulizwa. "Anasema ukirudi, urudi na meno yako yote."

"Kaka..."

"Kesho wakikupa kamba uivute, ivute kwa nguvu. Usinichezee."

"Sitaivuta."

"Basi utafanya nini?" Kondo alimtazama kwa makini. "Unaswali wewe?"

Haruni akaangalia uji bakulini.

"Sikuulizi kama mwalimu wa chuo. Nakuuliza kama kaka yako."

"Nimeacha."

Kondo hakumkaripia, wala hakuonyesha kushangaa. Alisogeza kidevu kuelekea bakuli, akamalizia uji wake, akasema, "Haya. Kesho ni Idi. Ni siku nzuri ya kuanza."

Asubuhi ngoma ilipigwa. Askari wakajipanga pande tatu za uwanja, na upande wa nne wakasimama wale tisa chini ya boriti. Mbele ya luteni palikuwa na meza, na juu ya meza kuna ushahidi: mtungi wa Mbuchi, bado una maji nusu, na kata imelazwa juu yake. Hakuna aliyethubutu kuugusa tangu siku ile. Salumu alisimama kando na daftari lake.

Hukumu ilisomwa kwa Kidachi, kisha kwa Kiswahili. Ilipoishia, Haruni akasikia miguu yake ikitembea. Alitoka mstarini, akailaza bunduki yake chini mbele ya Shaushi Bashiru, akaiendea meza. Luteni akashika bastola.

"Salumu," Haruni akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko alivyotaka. "Mwambie Bwana kwamba na mimi napokea maji haya. Anihesabu wa kumi. Ila kabla hajaninyonga, atazame ninavyoyapokea, na wewe usome walivyosema wakata boriti siku ya kuhojiwa. Kama havifanani, kamba iko pale."

Salumu alitafsiri huku jasho likimtoka. Luteni aliielekeza bastola kifuani mwa Haruni. Bastola haikushuka, ila hakufyatua. Mwishowe akatikisa kichwa kuelekea daftari.

"Viganja, mara tatu," Salumu akasoma.

Haruni akajimiminia. Maji yalikuwa ya baridi. Alikuwa amesahau yalivyo.

"Mdomo. Pua. Uso. Mkono wa kulia hadi kiwikoni, kisha wa kushoto."

Mikono ilikumbuka yenyewe. Ilikuwa kama kurudi gizani nyumba uliyozaliwa: hujui ulipo mlango, lakini mkono unaushika. Akapaka kichwa. Akapaka masikio. Kisha akainama, akafungua patisi, vile vitambaa vya kuzungushia miguu, akavua kiatu. Miaka mitatu ya kwata ilikuwa imeuzoeza mwili wake kwamba kila jambo la miguu huanza kushoto. Filimbi ikilia, shoto. Ngoma ikilia, shoto. Akautoa mguu wa kushoto, akaumiminia maji.

Luteni, aliyekuwa akichungulia daftarini, alinyanyua mkono.

"Simama! Daftari linasema kulia," akasema, na Salumu akaanza kutafsiri. "Huyu amefundishwa jana, na hakufundishika vizuri..."

Salumu hakumaliza. Kutoka kwenye mistari ya askari, na kutoka chini ya boriti, ilitoka guno moja kubwa, "Aaaa!", kama la watu wanaomwona mtoto akimwaga maziwa.

"We Haruni!" Kondo alipiga kelele na kamba shingoni. "Mguu wa kulia kwanza! Mama alikuchapa bure?"

"Kulia, ya walad, kulia we mtoto!" Shaushi Bashiru naye alikuwa amefoka wakati uleule, bila kujijua, mkono wake umenyooka kuonyesha mguu. "Nani alikusomesha wewe?"

"Kulia!" wakasema askari Wamanyema wa mstari wa nyuma.

"Kulia, bwana, unatuaibisha!" akasema mmoja wa mahabusi, mzee ambaye tangu aletwe hakuwa amefungua kinywa.

Na askari mmoja akacheka. Mwingine akafuata. Kicheko kilizunguka pande zote nne za uwanja, hata chini ya boriti watu walicheka. Haruni alisimama katikati, mguu mmoja umelowa, uso umemwiva kwa aibu, naye akaanza kucheka na machozi yanamtoka.

Luteni hakucheka. Lakini hakuwa mjinga. Alikuwa anageuza kichwa kutoka kwa Bashiru kwenda kwa Kondo, kutoka kwa Kondo kwenda kwa Wamanyema. Hatimaye akauliza swali, na Salumu akalipeleka kwa Bashiru.

"Umezaliwa wapi, Shaushi?"

"Kando ya Nili, Bwana."

"Na hili la mguu wa kulia ulifundishwa lini?"

"Na baba yangu, Bwana. Nilikuwa na miaka saba."

"Umewahi kuonana na watu hawa wa Mbuchi?"

"Mbuchi mimi sijui hata iko wapi."

Kila mtu pale uwanjani, hata luteni, aliweza kuipiga hesabu ile: dawa ya Matumbi ilikuwa haijatimiza mwaka, na ndevu za Bashiru zilikuwa na mvi.

Bashiru hakungoja aulizwe tena. Alitoka mstarini kwa mwendo wa gwaride, akafika mezani, akaketi chini kama yuko kwao, akaanza kufungua patisi. Ya kulia. Ombasha, koplo wake, akamfuata. Kisha wawili, kisha mstari mzima, na Haruni akiwa amelowa hadi magotini akashika kata na kuwamiminia mmoja baada ya mwingine. Mtungi ulipokauka wakaleta debe. Hakuna aliyejua nani alianza takbira. Ilianza chini, kifuani mwa mtu, kisha ikanyanyuka: Allahu akbar, Allahu akbar, la ilaha illallah. Wale tisa waliipokea na kamba shingoni. Sauti za watu wa Sudani, za Wamanyema na za watu wa delta zikachukuana, zikavuka boma la miiba, na wanawake waliokuwa mbali shambani wakainua vichwa.

Luteni aliirudisha bastola mahali pake. Alisema neno moja fupi.

"Wafungueni," Salumu akatafsiri, akalifunga daftari.

Bashiru alisimama mbele yake, miguu mitupu inatiririka maji, akapiga saluti.

"Bwana, leo Idi."

Luteni akatazama saa yake. "Robo saa."

Waliswali na kusikiliza hotuba kwa karibu saa nzima, naye hakuwakatiza. Alisimama kando ya meza yake amevua kofia, labda kwa sababu ya joto.

Lakini kabla ya kujipanga, Kondo alimfuata Haruni. Alama nyekundu ya kamba ilikuwa imemzunguka shingo.

"Leta mguu."

"Kaka, imeshatosha..."

"Leta mguu, nimesema. Huo udhu wako siuamini."

Kondo akashika kata, akammiminia mdogo wake mguu wa kulia, kisha wa kushoto, taratibu, bila kupoteza tone, kama wafanyavyo wakata boriti. Wakasimama safu moja, bega kwa bega, miguu ya askari iliyovuliwa patisi karibu na miguu ya watu wa mikoko iliyopasuka kwa chumvi. Bashiru akatangulia mbele. Haruni alipoinua mikono, alikuta maneno yote yamo, hayakuwa yamekwenda popote.

Vita havikuisha siku ile. Lakini mti wa kunyongea uliangushwa kabla ya adhuhuri, ile amri ya pili ikafutwa mbele ya gwaride, na kuanzia Ijumaa iliyofuata askari wa Kibiti waliswali uwanjani kwa jamaa, mchana kweupe, na debe la maji likiwekwa pale kwa amri ya luteni mwenyewe.

Alasiri ya Idi, Haruni alikuwa tena zamu langoni. Watu tisa wakaja bila kamba, na Kondo mbele na mtungi wake mtupu begani. Haruni akafungua lango wazi kabisa, mbao zote mbili.

"Nimwambie nini mama?"

"Mwambie naswali."

"Hilo nitamwambia," Kondo akasema, akinyanyua mguu juu kuvuka kizingiti. "Na nitamwambia umekosea mbele ya Mdachi."

"Kaka, tafadhali!"

Lakini Kondo alikuwa ameshatoka. Akashika njia ya Mbuchi akicheka kwa sauti, na kwa muda mrefu Haruni, bunduki begani, aliendelea kumsikia akiwasimulia wenzake upya habari ya mguu wa kushoto, ingawa wote walikuwapo.