Jezi za Siku Kumi na Mbili

Jumanne saa nne asubuhi marobota kumi na sita yalishushwa kwenye mlango wa nyuma wa duka la Refa. Mama Jezi aliyahesabu mara mbili, akatia sahihi karatasi ya dereva, kisha akaomba mkasi. Kila robota lilikuwa na jezi mia moja ishirini na tano za timu ya mji, samawati zenye mstari wa njano begani, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni. Alivuta ukosi wa moja kwa vidole viwili, akapitisha ukucha kwenye mshono wa kwapa. Kazi ilikuwa safi.

"Hebu niipime," Refa alisema.

Refa alikuwa mwenye duka tu, hajawahi kupuliza filimbi. Jina alilipata kwa sababu akishakata kauli kwenye ubishi hakubali rufaa. Aliivaa jezi juu ya shati, akanyoosha mikono, akasema, "Imenikaa," akalala. Hakuanguka. Alijilaza taratibu juu ya marobota mawili na kuanza kukoroma. Mama Jezi alimsogeza miguu ili mlango ufunguke, akaendelea na hesabu ya mzigo. Saa kumi na moja mke wa Refa alikuja, akamvua jezi, na Refa akaamka na kuuliza kama mzigo umetimia.

"Umetimia," Mama Jezi alisema.

"Nimeota niko kwenye ukumbi wa cherehani," Refa alisema, akijikuna shingo. "Mpelekee Bi Mkubwa moja."

Mama Jezi hakuwa na duka. Kazi yake ilikuwa kuwaagizia wenye maduka madogo vitu vya mashabiki: jezi, skafu, kofia, bendera za kuchomeka kwenye dirisha la gari. Kiwanda cha ng'ambo hakishoni jezi chini ya elfu mbili, na mtaani hakuna aliyeweza kuuza hata mia tatu, kwa hiyo aliwaunganisha. Huyu themanini, yule hamsini, mwingine thelathini "halafu nitaangalia upepo." Miaka kumi na moja alikuwa akifanya kazi hiyo kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na hajawahi kukanyaga kiwanda hata kimoja.

Safari hii timu ya mji ilikuwa imeingia fainali kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na moja, kwa penalti iliyogonga mwamba, ikamgonga kipa kisogoni na kuingia. Fainali ilikuwa wiki tatu mbele. Kiwanda huchukua siku thelathini na tano kushona. Mama Jezi alimwandikia msimamizi wa kiwanda: siku kumi na mbili, la sivyo napeleka oda kwingine. Hakukuwa na kwingine. Msimamizi alikaa kimya dakika arobaini, kisha akajibu, "Inawezekana, dada."

Kila siku msimamizi alituma picha kutoka ukumbini. Mama Jezi alizikuza kwa vidole mpaka mshono ukajaa kioo, maana ndivyo watu wa kazi hii wanavyotazama picha. Wanatazama mshono, ukosi na nembo, na mshonaji hubaki nje ya kioo.

Bi Mkubwa alikuwa mama mzazi wa Mama Jezi. Tangu mumewe afariki, miezi minane iliyopita, hakuwa amepata hata lepe la usingizi. Mwanzoni walitaniana. Mama alijua nani mtaani anarudi saa ngapi na kwa mlango upi, na majirani walianza kumwamkia kwa adabu ambayo hawakuwa nayo zamani. Kisha mikono ikaanza kumtetemeka, akawa anaweka chumvi kwenye chai na kuinywa bila kusema kitu. Vidonge vilipita mwilini mwake kama maji kwenye chujio. Daktari alimwita Mama Jezi kando na kumwambia moyo umechoka. Asipolala, mwaka hatamaliza. Mama Jezi alilia kwenye ngazi za hospitali, kwa sauti, mbele za watu, kwa sababu alimpenda mama yake na hakuwa na mwingine.

Jumatano asubuhi alimpelekea jezi.

"Mimi na mpira wapi na wapi?" mama alisema.

"Vaa tu, mama."

"Ina namba ya nani?"

"Ya mshambuliaji."

"Haya, angalau si ya benchi." Aliivaa na kulala kabla mikono haijatoka vizuri kwenye mikono ya jezi. Mama Jezi aliketi chini, kando ya kitanda, akimsikiliza akivuta pumzi. Alikaa hapo hadi magharibi bila kushika simu.

Alipoamka, Bi Mkubwa aliomba chai, akaweka sukari.

"Nilikuwa kwenye ukumbi mrefu," alisema. "Bati juu, taa nyeupe, madirisha yana nondo. Nimekaa na binti mmoja kwenye cherehani ya arobaini na moja. Vidole vimemvimba. Usingizi ukimshika wanapiga filimbi. Sasa usingizi wenyewe, kila ukimjia, anaushonea ndani. Hana pengine pa kuuweka."

"Pole yake," Mama Jezi alisema.

"Ana mtoto, amemwacha kwa bibi yake. Mwambie huyo bosi wao amruhusu alale."

"Nitamwambia, mama."

Usiku huo huo mama alilala tena, na kesho yake akapika mwenyewe.

Mama Jezi alizirudia picha za msimamizi, zote kumi na mbili, na kwa mara ya kwanza hakukuza mshono. Cherehani ya arobaini na moja ilikuwa ya tatu kutoka ukutani, namba imeandikwa kwa rangi nyekundu. Siku ya kwanza msichana aliyekaa hapo alikuwa na blauzi ya maua iliyokatika kifungo cha pili. Siku ya kumi na mbili alikuwa na blauzi hiyo hiyo, na kifungo bado hakipo. Mama Jezi aliona aibu, na aibu ilimkaa kifuani siku nzima. Alifungua simu kumwandikia msimamizi, akaandika, akafuta, akauliza bei ya skafu.

Jezi ziliuzwa zote kabla ya Jumamosi. Maduka yale hayana chumba cha kupimia, na ukutani kwa Refa kuna karatasi inayosema UKIPIMA UMENUNUA, kwa hiyo watu walizivaa kwa mara ya kwanza siku ya fainali. Dakika kumi kabla ya mpira kuanza, jukwaa lote la mashariki lililala. Wauza maji walipita kwa kunyata. Mtangazaji wa uwanja alishusha sauti. Timu ya mji ilishinda mabao mawili kwa moja, wachezaji wakapiga makofi kidogo kidogo na kulitembeza kombe mbele ya jukwaa bila kelele, na nahodha akamfunika mtoto mmoja kwa bendera kwa sababu kulikuwa na upepo. Miaka thelathini na moja walilingojea kombe lile. Hakuna aliyeliona.

Jumatatu kulikuwa na foleni dukani kwa Refa.

"Nataka hela yangu," alisema wa kwanza, fundi bomba.

"Jezi imechanika?"

"Haijachanika."

"Imechuja rangi?"

"Haijachuja. Nimelala."

"Umelala vibaya?"

Fundi bomba alifikiri. "Hapana. Sijalala hivyo tangu nioe."

"Basi," Refa alisema, na rufaa haikuwepo.

Kwenye foleni watu walizungumza juu ya ukumbi kama watu waliopita stendi moja. Mmoja alikuwa cherehani ya sita, mwingine ya themanini na mbili, wawili waligundua kwamba walikaa jirani. Wote waliisikia filimbi. Walisema inasikitisha, na walisema kweli. Kisha wakarudi nyumbani na jezi zao, na Jumanne walikuja watu ambao hawakujua hata rangi za timu: walinzi wa zamu, mama mwenye mapacha, mwalimu aliyesimamishwa kazi, wazee wengi. Refa alisema zimekwisha. Walimwachia namba za simu.

"Kufa kufaana," Refa alimwambia Mama Jezi. "Hakuna anayeuliza timu gani. Agiza."

Hakuagiza. Alikuwa na jezi ya mama yake, na hiyo ilimtosha. Lakini Bi Mkubwa alikuwa msafi wa kupindukia; hakuwahi kuvaa nguo siku mbili bila kuifua, na kupata usingizi hakukumbadilisha. Kila asubuhi aliifua na kuianika. Kila ilipofuliwa usingizi ulipungua kidogo, ukienda na maji ya sabuni kwenye mtaro. Saa nane za usingizi zikawa sita, sita zikawa tatu. Paka wa jirani walianza kulala kando ya mtaro. Wiki ya nne ilibaki miayo mitupu, na chumvi ikarudi kwenye chai.

Mama Jezi aliwatafuta waliobaki na jezi. Wote walikuwa wamezifua, na wachache ambao hawakuzifua hawakuuza kwa bei yoyote. Ndipo alipomwandikia msimamizi, na aliandika kwa moyo mweupe: oda nyingine, elfu mbili, safari hii bila haraka, siku thelathini na tano au hata arobaini, watu wapumzike. Msimamizi alijibu kwamba yeye ni mteja mwema.

Zilikuja baada ya siku arobaini, na zilikuwa jezi nzuri kuliko zote alizowahi kupokea. Mishono ilinyooka, nyuzi hazikuning'inia. Alikwenda nayo moja mbio hadi nyumbani. Bi Mkubwa, ambaye sasa alikuwa akitembea kwa kushika ukuta, aliivaa, akajilaza, akafumba macho. Baada ya saa nzima aliyafumbua.

"Ni nguo tu," alisema.

"Jaribu tena, mama."

"Mwanangu, ni nguo." Akamshika mkono. Mkono wa mama ulikuwa mwepesi, ngozi tupu na mifupa. "Yule binti amelala, basi. Umemwombea vizuri. Inatosha."

Haikutosha. Mama Jezi alitoka nje, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mtaro, simu mkononi. Alimfikiria msichana wa blauzi ya maua, akamwonea huruma kabisa, huruma ya kweli. Alimfikiria pia mama yake aliyekuwa ndani akihesabu bati. Msimamizi alikuwa ameshauliza, "Oda inayofuata siku ngapi, dada?" Aliandika, "Kumi na mbili." Kisha akakumbuka kuwa Refa na walinzi wa zamu na mwalimu nao wanangoja, akabadilisha idadi kutoka elfu mbili kuwa elfu sita. Siku hakuzibadilisha. Msimamizi hakukaa kimya dakika arobaini safari hii. Alijibu papo hapo.

Mzigo ulifika Alhamisi. Mama Jezi alimvalisha mama yake mwenyewe, mkono mmoja kisha wa pili, kwa kuwa mama hakuweza tena kuinua mabega. Bi Mkubwa alilala tangu saa tatu asubuhi ya Alhamisi hadi saa sita mchana wa Ijumaa. Majirani wawili walioketi karibu naye wakisubiri kumjulia hali walisinzia pia.

Alipoamka macho yalikuwa maangavu na mikono imetulia. Alikunywa chai yote. Mama Jezi alikuwa amekaa pale pale chini, kando ya kitanda.

"Cherehani ya arobaini na moja amekaa mwingine," Bi Mkubwa alisema. "Mdogo zaidi. Ile blauzi ya maua imetundikwa kwenye msumari ukutani."

"Labda yule amekwenda kwa mtoto wake, mama. Amekwenda kupumzika."

"Labda." Mama aliweka kikombe chini. "Wewe si ulimwambia bosi wao?"

"Nilimwambia."

Bi Mkubwa alitikisa kichwa. Alivua jezi, akaikunja mikono ndani kama dukani, akainyoosha kwa kiganja. Mama Jezi alinyoosha mkono kuipokea aitie kwenye beseni, kama asubuhi zile za jezi ya kwanza.

"Hii siifui," mama alisema, na akaiweka chini ya mto.