Mkalimani wa Baraza la Reli

Baraza liliitwa Msambweni siku ya Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, na watu walijaa mpaka wengine wakapanda ukuta wa soko. Habari yenyewe haikuwa ndogo: serikali ilikuwa ikifikiria kuleta reli kutoka Likoni mpaka huku kusini, mtu apande gari la moshi alfajiri, avuke kwa feri mpaka Mombasa, afanye shughuli zake, na usiku alale kwake. Mudiri, mkuu wa serikali wa pale, alitaka wenyeji waseme stesheni ziwekwe wapi.

Mwanatumu alikaa upande wa wanawake pamoja na shoga yake Kanze. Wenziwe walikuwa wamemchagua awasemee, maana hakuwa mtu wa kutetemeka mbele ya wakubwa. Kwa wanaume, safu ya mbele, alikaa mumewe Chande, mkulima wa minazi, mpole, mchache wa maneno.

Gari likafika. Akashuka injinia wa Kizungu, na nyuma yake mkalimani aliyevaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi. Mwanatumu hata hakumtazama. Alikuwa akiyapanga maneno yake moyoni. Ndipo mkalimani akafungua kinywa.

"Asalaam aleikum, jamaa zangu. Bwana injinia anawaamkua."

Mwanatumu aliinua uso ghafla. Sauti ile ilikuwa ya Alfani, mumewe wa kwanza, aliyechukuliwa vitani akapelekwa Burma. Askari mwenzake alirudi akaapa kwamba meli ilizama naye. Matanga yalikaliwa, hitima ikasomwa. Mwanatumu alikaa eda ya mfiwa, kisha akakaa mjane miaka mitano, ndipo Chande akamposa na kadhi akawaoza. Sasa walikuwa na watoto wawili.

"Kanze, nifinye."

"Una nini?"

"Nifinye, nakwambia! Yule ni Alfani."

Kanze alikaza macho, kisha akauziba mdomo kwa leso. "Mayo wee! Si alikufa?"

Mudiri akauliza, "Akina mama wana neno?"

Mwanatumu aliinuka. "Shikamoo, Mudiri. Sisi twataka stesheni iwe karibu na hospitali. Mwanamke akishikwa na uchungu huko Lunga Lunga, hubebwa juu ya kitanda na wanaume wanne, na wengine hufia njiani."

Mkalimani alianza kufasiri huku akimtafuta msemaji kwa macho. Alipomwona, Kiingereza kilimkatika katikati. Injinia akamgeukia. Mudiri akakohoa. Alfani akayaokota maneno yaliyosalia, moja moja. Chande naye aliinua kichwa, akamtazama mkalimani, akamtambua, akamtazama mkewe, na uso ukamgeuka kijivu.

Watu walipotawanyika, watatu wale walijikuta wamesimama nyuma ya soko.

"Sikuzama," Alfani alisema. "Niliokolewa. Vita vilipokwisha nikapata kazi ya reli Nairobi. Nikasikia umeolewa, Mwanatumu. Nikaona haya kurudi."

Kumwona hai kulikuwa kumempiga Mwanatumu pigo moja. Sasa lilikuwa likija jingine, zito zaidi.

"Niliolewa miaka mitano baada ya matanga yako," alisema. "Hiyo miaka mitano uliona haya ya nini?"

Alfani aliangalia viatu vyake. Kisha, kwa sauti ndogo, akauliza, "Mama hajambo?"

"Mamako tulimzika Shaaban iliyopita. Kila jua likichwa alikuwa akiuliza kama umefika."

Alfani aliketi chini mchangani, na suruali yake nyeupe, akalia bila kuuficha uso. Mwanatumu alitaka kumhurumia, lakini moyo ulikuwa umekufa ganzi. Ni Chande aliyemshika mkono akamwinua. "Twende," alimwambia, "nikuonyeshe alipolala."

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, walikwenda kwa kadhi. Kadhi aliwasikiliza mpaka mwisho, akashika ndevu. Kisha akahukumu: mume yu hai, basi nikaha ya pili haikusimama, ingawa hakuna aliyetenda dhambi kwa kukusudia. Alfani atoe talaka, mwanamke akae eda, kisha Chande amwoe upya akitaka.

"Nataka," alisema Chande, kabla kadhi hajamaliza.

Alfani alitoa talaka mbele ya mashahidi, na jioni hiyo akaondoka na gari la injinia.

Mwanatumu alifunga nguo zake akahamia kwa kaka yake Mbwana mpaka eda iishe, maana kwa sasa Chande hakuwa mumewe. Alikwisha kumkalia Alfani eda akiwa maiti. Sasa alimkalia akiwa hai. Kila asubuhi wanawe walikuja wakasimama kizingitini wakamwuliza, "Mama, kwani umekosana na baba?" Naye aliwakumbatia, akatafuta jawabu ambalo mtoto anaweza kulielewa, asilipate.