Kopo la Vanishi

Jumatano, tarehe 7 Julai 1971, saa mbili na robo asubuhi, ukungu ulikuwa umeishukia Lushoto, na manyunyu yalipenya hata chini ya turubai la maonyesho ya Saba Saba. Kati ya makasha ya mbao tuliyoyapamba kwa picha, kamati ingechagua moja la kwenda Tanga. Langu nilikuwa nimelibandika picha za watu kutoka magazetini, kila ukingo umenyooshwa kwa rula, kama tulivyofundishwa kunyoosha mashuka bwenini. La Mika, niliyesoma naye, lilikuwa na wachuma chai wa Mponde. Alibandika picha kifudifudi, gundi ilipokauka akailowesha karatasi na kuisugua mpaka ukabaki wino mtupu juu ya mbao.

"Mwanangu," shangazi Dorkasi aliniambia, "wa Mika wanachuma. Wako wamepanga mstari wanangoja kengele."

Watu wakacheka. Wivu ukaniwasha kama moshi machoni.

Muda si mrefu unyevu ukaanza kuilegeza gundi ya Mika, kwa kuwa vanishi ilikuwa imeadimika madukani naye hakuwa amepaka. Alinijia mbio.

"Ndugu Sefania, lile kopo la vanishi nililokuazima mwaka jana?"

Kopo zima lilikuwa chini ya meza yangu. Ningelificha, safari ya Tanga ingekuwa yangu. Nililiinua, nikamkabidhi mbele ya watu wote.

"Chukua. Hunidai tena."

Kasha lake ndilo lililokwenda Tanga. Hongera sikumpa, hiyo sikuwa nimeikopa kwake.