Dume Aliyesema kwa Sauti ya Dougal

Kila ilipofika wiki ya kwanza ya Oktoba, Una Macrae alisogeza kiti chake cha jikoni hadi dirishani, kwa sababu kulungu walishuka mlimani kupandana, na dirisha lake lilitazama bonde zima. Alikuwa na darubini, birika la chai na daftari. Mwaka huo aliandika: dume mmoja, pembe zenye matawi kumi na mawili, majike kumi na saba. Hali chochote, kama madume wote msimu huu. Anagaagaa kwenye tope jeusi. Madume wawili wamejaribu kumnyang'anya majike. Mmoja alikimbia hata kabla pembe hazijagusana.

Jumanne, saa kumi jioni, dume yule aliinua shingo akanguruma, na ngurumo ikatoka kwa sauti ya Dougal Munro, aliyekuwa mlinzi wa wanyamapori wa bwana mwenye ardhi ya bonde lile, na ambaye alizikwa mwezi wa Machi.

"Nilimpiga risasi mimi," alisema. "Farquhar hakuwapo."

Una aliandika saa na mwelekeo wa upepo. Kisha akaweka kalamu chini.

Farquhar ni mdogo wake. Miaka arobaini na mmoja nyuma, dume bora kuliko wote wa bwana mwenye ardhi alikutwa amekufa nyuma ya nyumba ya mama yao, na Dougal akaapa kwamba alimwona Farquhar na bunduki. Nyumba ilikuwa mali ya bwana, wakafukuzwa wote. Mama alifia kwenye chumba cha kupanga. Farquhar akaenda Kanada. Una alimwamini Dougal, mtu wa kanisani, na hakumwandikia mdogo wake hata kadi ya Krismasi.

Alhamisi jirani yake Bella alikuja kusikiliza.

"Ndiye," Bella alisema, akichovya biskuti kwenye chai. "Hata kile kikohozi ni chake. Alipokuwa hai hukumtoa neno hata kwa koleo."

"Siku ya tisa hajala."

"Akae na njaa yake. Mpigie simu mdogo wako, shoga."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Fungua dirisha."

Una akapiga. Kanada ilikuwa asubuhi. Sauti iliyopokea ilikuwa ya mzee.

"Ni mimi, Una. Usikate. Sikiliza."

Alitoa simu nje ya dirisha. Dume aliyasema maneno yale mara tatu. Mara ya pili alikuwa anahema, kwa sababu alikuwa ametoka kumfukuza dume mwingine.

"Huyo si Dougal?" Farquhar aliuliza.

"Ndiye. Ni kulungu sasa."

"Ana majike wangapi?"

"Kumi na saba."

"Mshenzi," Farquhar alisema, akacheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine.

"Nilimwamini yeye, Farquhar. Nisamehe."

"Najua ulimwamini, dada. Nilikuwa nangoja uchoke."

Una alimwandikia bwana mwenye ardhi, mtoto wa yule wa zamani, akiomba jina la Farquhar lisafishwe na nyumba ya mama irudishwe. Ofisi yake ilijibu kwa adabu. Hata wao walikuwa wamemsikia kulungu huyo na hawakuwa na ubishi na maneno yake, ila jambo lenyewe lilishafungwa, na nyumba ilikuwa imekodishwa kwa watalii kwa miaka miwili ijayo. Watalii hao, barua iliongeza, walikuwa wamelalamikia kelele.

Mwisho wa Oktoba mbavu za dume zilihesabika kwa darubini. Sauti ilikauka, ikawa ngurumo tu, kisha ikanyamaza. Majike wakapanda mlimani. Kwenye nyumba ya mama wageni walikuwa wameanika taulo dirishani.

Jumapili simu ililia, kama Farquhar alivyoahidi. Una alikuwa ameketi karibu nayo tangu asubuhi, lakini aliiacha ilie mara mbili, asije akaonekana ana haraka.